Mafuta Yasiyo na Risasi Wala Arseniki

Kwa miaka kumi na tisa nimelipwa ili nisiamini karatasi. Ukiondoa koti jeupe na miwani, hiyo ndiyo kazi yangu yote. Kiwanda chetu kiko barabara ya kwenda Kinsevere, kinanunua mawe ya shaba na kobalti, na kila lori linaloingia linakuja na cheti kinachousifu mzigo wake kama shangazi anayemsifu bibi harusi. Sisi wa maabara tunachota sampuli, tunaiponda, tunaiyeyusha kwenye asidi, tunaipitisha mashineni, halafu tunamwambia mwenye lori ukweli. Wenye malori hawanipendi. Nimeshaitwa mchawi mara mbili na Mbelgiji mara moja. Kila anayenisogelea na cheti chake namjibu neno lile lile: karatasi nimeiona, sasa lete jiwe.

Nayasema haya mapema ili uzito wa aibu yangu ueleweke. Maana mwaka juzi, nikiwa na miaka hamsini na moja, mkuu wa maabara, mama wa watoto wawili wanaosoma Kinshasa kwa mshahara wangu peke yake, nilikutwa na bangi mwilini kwenye lango la kiwanda hicho hicho. Sikuivuta. Niliimeza kwa matone, kila jioni, mbele ya mama yangu mzazi, tukishamaliza kusali.

Mama anaishi nami Bel-Air, sisi wawili tu nyumbani. Alishuka kutoka kaskazini ya Katanga akiwa msichana, akaolewa na mfanyakazi wa reli, akamzika, akabaki na magoti mabaya na vidole vilivyopinda. Kwa miaka mingi amekuwa mwenyekiti wa akina mama wa parokia yetu, na katika uenyekiti huo hakuna kitu alichokipiga vita kama bangi. Zamani alimtoa mdogo wake wa mwisho nyumbani, na sanduku lake juu, kwa sababu ya harufu iliyobaki kwenye shati. Shati lenyewe alilifua mara tatu kabla ya kulitupa. Mjomba yule alihamia Likasi na akawa mtu wa heshima zake, lakini jina lake kwetu lilitajwa kwa sauti ya chini mpaka alipofariki.

Magoti ndiyo yaliyotuponza. Vidonge vya hospitali vilimtuliza kwa muda, kisha vikaanza kumchoma tumbo, daktari akavikataza. Baada ya hapo alikaa kwenye kiti chake cha sebuleni akiyasugua magoti na kuniambia hajambo, kwa uso wa mtu anayeumwa jino. Usingizi ulimkimbia. Mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi kanisani akaanza kunihesabia hatua za kwenda chooni.

Hapo ndipo jirani yetu alipoingia. Ni mama wa Kiislamu, babu zake walitoka Maniema, mkubwa kwangu kidogo, kwa hiyo namwita yaya, yaani dada mkubwa. Anauza vitenge, sabuni na manukato yanayotoka Afrika Kusini kwa kupitia Kasumbalesa, na ni mmoja wa wafanyabiashara wachache mjini ambao ningenunua kwao hata kitu kilichofungwa. Alikuja na chupa ndogo ya kioo cha kahawia, yenye mpira wa kufyonzea matone. Kibandiko chake kilikuwa kizuri kuliko cheti changu cha chuo: jani la kijani lenye vidole saba, herufi za dhahabu CBD, na chini yake, kwa maandishi madogo, THC sifuri. Wateja wake wazee wa Ruashi, alisema, walikuwa wameanza kulala.

Mama aliliangalia lile jani kwa muda mrefu. Halafu akaniangalia mimi.

"Mama," aliniita, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "hii mafuta haiko bangi?"

Mtu mwenye akili angejibu kwamba hajui. Lakini mkemia wa madini hapati nafasi nyingi za kueleza jambo ambalo si jiwe, na mimi niliishika nafasi ile kwa mikono miwili. Nilivuta kiti. Nikamweleza kwamba mmea ule una kemikali zake zaidi ya mia moja, na kwamba hata harufu aliyoifukuza shatini mwa mjomba haikuwa dawa yenyewe, ni kundi jingine kabisa, terpeni, ambazo nyingine zimo kwenye ganda la limau na kwenye pilipili manga anayotia kwenye mchuzi wa Krismasi. Mama akasema pilipili manga yake isiingizwe kwenye mambo haya.

Nikaendelea. Katika zile mia, mbili ndizo zenye sifa. THC ndiyo inayolevya: inaingia kwenye vipokezi vya ubongo kama ufunguo kwenye kitasa, kwa sababu mwili wenyewe hutengeneza kitu kinachofanana nayo, cha kupimia maumivu, njaa, usingizi na kumbukumbu. Ikiingia, mtu anacheka bila sababu, anakula bila kipimo, macho yanakuwa mekundu, kinywa kinakauka, dakika zinarefuka, na ikizidi moyo unakimbia na woga unamshika. CBD haifungui kitasa kile. Ina atomi zile zile na kwa hesabu ile ile, kaboni ishirini na moja, hidrojeni thelathini, oksijeni mbili, isipokuwa katika moja kuna duara lililofunga na katika nyingine duara hilo limeachwa wazi. Nikamwambia pia, maana mimi ni mkweli, kwamba madaktari wanaitumia CBD kwa watoto wenye kifafa cha aina fulani, lakini kuhusu magoti bado wanabishana.

Mama alisikiliza yote, akayapanga kichwani kwa njia yake. Kwa hiyo ni mapacha, alisema, mmoja amebatizwa na mwingine hapana. Nikasema tunaweza kuliweka hivyo. Akauliza huyu wa kwenye chupa ni yupi. Nikageuza kibandiko, nikamsomea kwa sauti: THC sifuri.

Nilikisoma kibandiko. Mimi, niliyewahi kulirudisha lori zima hadi Kolwezi kwa sababu sikuipenda rangi ya vumbi lake.

Lakini msinidhanie kwamba sikupima. Nilipima, na hapo ndipo ujinga wangu ulipofikia kilele chake. Kesho yake niliweka matone kadhaa kwenye kichupa, nikayapeleka maabara wakati wa mapumziko, nikayachoma kwa asidi na kuyapitisha mashineni. Sisi watu wa Katanga tunaogopa metali. Tunazitafuta kwenye maji ya kisima, kwenye mboga za bustanini, kwenye damu ya watoto, na tuna sababu zetu. Kwa hiyo niliyapima mafuta ya mama kwa risasi, arseniki, kadmiamu, shaba na kobalti. Mashine ile inaona metali tu. Molekuli ya jani inapita mbele yake kama askofu mbele ya mtoza ushuru, bila kuulizwa kitu. Majibu yalitoka mazuri mno. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba mafuta ni safi, na nilisema kweli: hayakuwa na risasi wala arseniki.

Mama akanyoosha kidole kwenye chupa.

"Onja kwanza."

Kwetu anayempa mwenzake kitu cha kunywa hukionja kwanza, mbele ya macho yake. Baba alikuwa akiufungulia ugeni bia na kuipiga funda moja kabla ya kumimina. Mama mwenyewe alizionja kwinini zangu zote nilipokuwa mtoto, akikunja uso kabla yangu. Anayekupa kinywaji bila kukionja ana jambo, na ukikinywa hivyo hivyo una kosa lako. Na wa kuonja ni yule anayekupa. Hawezi kutuma mtu. Basi nikajitonea matone matatu chini ya ulimi, nikafungua kinywa ili aone kwamba yameingia, kisha nikamtonea yake matatu. Yalikuwa na ladha ya nyasi na sarafu ya zamani.

Ikawa desturi yetu. Basi la kiwanda lilinishusha saa kumi na mbili kasoro, nikanawa, tukasali fumbo moja la rozari, nikaonja, akanywa. Juma la pili mama alilala mpaka kengele ya kanisa ikamwamsha, akaja jikoni akilalamika kwamba nimemwacha achelewe. Juma la tatu alienda misa kwa miguu yake. Sikuwahi kuwa na furaha ya namna ile tangu watoto wangu wafaulu mtihani wa dola wa kumaliza sekondari. Nilimwona mama yangu akikunja vidole kushika sindano, nikaenda kulia bafuni kama mtoto.

Kuhusu mimi mwenyewe, nilikuwa na dalili kadhaa, na nilizichunguza kisayansi. Nilikuwa nikicheka. Mheshimiwa mmoja alizungumza kwenye televisheni kuhusu ukarabati wa barabara, nikacheka mpaka mama akazima. Nilikula bukari, ugali wetu, kwa sombe ya majani ya muhogo, nikamaliza, nikajiongezea, kisha nikakwangua sufuria. Mahubiri ya Jumapili, ingawa padri wetu ni mtu wa dakika kumi, yalianza kuwa marefu kama safari ya Kamina kwa treni. Macho yalikuwa mekundu, nikayalaumu mavumbi ya kiangazi. Kinywa kilikauka. Sampuli moja niliipima uzito mara tatu kwa sababu kila mara nilisahau nilichosoma. Niliyaunganisha yote hayo, nikafikia hitimisho: ni umri, hedhi inakoma. Nilinunua hata chai ya majani fulani kwa ajili hiyo. Dalili zile zile nilikuwa nimemtajia mama moja baada ya nyingine, nikiwa nimekaa kwenye kiti kile kile.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulihesabu kuwa dalili. Jioni zile nilikaa na mama. Zamani nikirudi kazini nilimpa chakula, nikamuuliza magoti, nikaenda kwenye simu yangu. Sasa alinisimulia habari za stesheni za reli alizoishi, nani alimwibia nani kuku, mkuu gani wa stesheni aliogopa mbuzi, nami nilimsikiliza mpaka mwisho na kuuliza maswali. Nilijiona nimekuwa binti mwema.

Langoni pa kiwanda kila mtu hupuliza kifaa cha pombe asubuhi. Kupima mkojo ni kwa bahati: unatia mkono kwenye mfuko wa kitambaa, ukitoa kete nyeupe unapita, ukitoa nyekundu unaingia kwa mwuguzi. Nilitoa nyekundu Jumanne moja na nikamtania mwuguzi kwamba leo atapata maji ya baraka. Aliniletea kikombe chenye vijikaratasi vya kupimia pembeni. Kwenye kikombe kile, mstari ukijitokeza ni habari njema. Usipojitokeza ndiyo balaa. Mistari yote ilijitokeza isipokuwa mmoja, ule wa bangi. Mwuguzi alikitikisa kidogo, akakiweka dirishani kwenye mwanga, tukangoja. Ni kijana mwenye adabu, hakujua aangalie wapi. Mwisho akasema lazima sampuli itumwe nje kwa uhakika zaidi, na nisiingie maabara mpaka majibu yarudi.

Nilielewa palepale, nimesimama, na kwa ufasaha ambao ungenifaa wiki sita nyuma. THC ikimezwa, ini huigeuza kuwa kitu chenye nguvu zaidi yake, kisha kuwa kitu kingine kisicho na nguvu hata kidogo. Kikombe kinatafuta hicho cha mwisho. Hakipimi ulevi, kinapima makapi. Na kwa kuwa THC haipendi maji bali mafuta, inajificha kwenye shahamu ya mwili, tone baada ya tone, na kutoka polepole kama mpangaji asiyetaka kuhama. Nilitazama tumbo langu, ambalo wiki sita za bukari zilikuwa zimelipanua. Nilikuwa nimejijengea ghala.

Majibu yalirudi yakithibitisha. Mkuu wa wafanyakazi aliniita, akafunga mlango. Alitaka kujua nimevuta nini na nani ananiuzia. Nikamwekea chupa mezani. Nilimwambia ni dawa yangu ya magoti, maana jina la mama sikutaka litajwe katika ofisi ile. Jumapili ifuatayo lingekuwa limeshafika parokiani, na miaka yote ile ya uenyekiti ingeishia kwenye vicheko nyuma ya grotto, lile pango la kusalia. Mkuu akaigeuza chupa, akasoma kibandiko, THC sifuri, akacheka kwa huzuni, akanirudishia. Ni mtu aliyenisikia kwenye mizani mara nyingi.

"Mama chef," alisema, "si weye njo unaambiaka ba-chauffeur kila siku: karatasi nimeiona, sasa leta jiwe?"

Kanuni nilizijua, na hata siku ile sikuona kosa lake: mahali ambapo malori makubwa yanarudi nyuma siku nzima, huwezi kumsamehe mmoja kwa sababu ana koti jeupe. Siku thelathini nje bila malipo, halafu kikombe cha pili. Mstari ukijitokeza, narudi kwenye kiti changu. Usipojitokeza, miaka kumi na tisa imekwisha, na watoto wangu wanarudi kutoka Kinshasa bila digrii. Tone moja tu ndani ya siku hizo lingetosha kuharibu kila kitu.

Nilipita kwanza kwa yaya. Nilimwambia pale kwenye ukuta wa uani, kwa sauti ya chini, na nilidhani atabisha. Alishika kichwa. Yeye hajawahi kugusa hata togwa iliyochachuka, na sasa aliambiwa amewauzia wazee wa Ruashi kileo kwa miezi. "Wallahi, mdogo wangu, mimi niliamini maandishi," alisema, na mimi ndiye mtu wa mwisho duniani aliyeweza kumlaumu kwa hilo. Aliingia ndani, akatoa katoni nzima, akavunja chupa moja moja kwenye mfereji nikiangalia. Mfereji ule ulinuka ndimu na nyasi siku mbili. Chupa ya mama, iliyokuwa imejaa zaidi ya nusu, ikabaki ya mwisho.

Jioni ile nilifanya jambo la kitoto. Tulisali, nikachukua chupa, nikabana mpira bila kufyonza kitu, nikajifanya ninatonea chini ya ulimi. Mama akaniambia nifungue kinywa. Nilikifungua. Alikichungulia, akasema nimetonea hewa.

Ndipo nilipomwambia. Nilimweleza kikombe, kete nyekundu, siku thelathini, yote. Nilimwambia kwamba pacha asiyebatizwa alikuwemo chupani tangu siku ya kwanza. Nilingoja alie, au aombe padri. Alikunja kitambaa cha kiti, akakinyoosha, akakikunja tena.

"Nilijuaka tangu juma ya pili," alisema. "Ile kucheka yako, haikuwa kucheka ya weye."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa nimekasirika, nakiri, kwa hasira ya mtu aliyekamatwa peke yake.

"Niliuliza kama iko bangi, ukasema hapana. Miye nani ya kubisha na ingénieur?"

Halafu, bila kunitazama, akasema kwamba bibi yangu, yule ambaye nimebeba jina lake, alikuwa akichemsha majani yale kwa wanawake waliotoka kujifungua, na harufu yake anaijua kuliko mimi ninavyoijua shaba. Aliyasema kwa utulivu, mwenyekiti wa akina mama. Nilimfikiria mjomba na sanduku lake, lakini niliona si siku ya kulitaja. Yeye ndiye aliyeamua mambo. Nisionje tena, alisema. Dawa atakunywa mwenyewe chumbani, asubuhi, nikiwa naoga, kwa kuwa akijipa mwenyewe hakuna wa kuonja. Niliona amelimaliza jambo kwa busara, nikafurahi kwamba halikuwa gumu.

Siku thelathini zile nilizitumia kujishughulikia. Yaya, kwa majuto yake, aliniletea siki, maziwa, maji ya limau na dawa ya kuendesha; nilimshukuru na kumweleza kwamba hakuna hata kimoja kinachoingia kwenye shahamu. Nilianza kutembea hadi Ruashi na kurudi ili niyachome mafuta, halafu nikakumbuka kwamba mafuta yakichomeka yanaachia kilichomo, na kwamba nikijitia jasho siku za mwisho nitakijaza kikombe mwenyewe. Kwa hiyo juma la nne nilikaa kitako. Nilikula kwa kipimo, nilikunywa maji, nilijishika kiuno asubuhi na jioni kama mnunuzi wa mbuzi. Mezani nilimsimulia mama habari za seli za shahamu, nusu ya kiasi inatoka kwa siku ngapi, iliyobaki inatoka kwa ngapi. Alitikisa kichwa na kuuliza kama nitapona. Nikimuuliza usingizi, alisema analala vizuri mno. Kila nilipoamka nilimkuta ameshakaa kwenye kiti, amevaa, rozari mkononi, nami nilijiambia kwamba uzee umemzidishia ibada.

Ukicheka unisamehe, lakini siku ya kikombe cha pili nilivaa nguo ya Pasaka. Mwuguzi alikuwa yule yule. Mstari mmoja ulijitokeza, wa pili ukajitokeza, na ule wangu ukachelewa, kisha ukaja, mwembamba kama uzi wa buibui. Nilimuuliza kama unahesabika. Alisema mstari ni mstari, hata ukiwa hafifu, ndivyo kanuni inavyosema. Nilimkumbatia kijana wa watu mpaka kofia yake ikaanguka. Mkuu wa wafanyakazi aliniambia nirudi kesho yake. Ilikuwa bado saa tisa alasiri nilipofika Bel-Air, na nilianza kuita tangu getini.

Mama alikuwa kwenye kiti. Nikamwonyesha karatasi, na karatasi ile, kwa mara moja, ilisema kweli. Aliisoma yote, akainua mikono, akaanza wimbo wa shukrani, na kwa kuwa wimbo ule huimbwa kwa kusimama, akashika mikono ya kiti ili asimame. Hakuweza. Alijaribu tena akiwa bado anaimba. Magoti yalikuwa yamevimba chini ya kitenge kama viazi, na vidole vilivyoshika kiti vilikuwa vimepinda zaidi ya vile nilivyovijua. Alimaliza ubeti akiwa ameketi.

Nilienda chumbani kwake. Chupa ilikuwa kwenye meza ndogo, chini ya picha ya baba. Niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Mimi husoma ujazo hadi sehemu ya kumi ya mililita, hiyo nayo ni kazi yangu, na sikuhitaji kipimo: mafuta yalikuwa pale pale yalipokuwa jioni ile niliyotonea hewa. Hakuwa amekunywa hata tone moja. Siku thelathini nilikuwa nyumbani, bila kazi, nimekaa mkabala naye, nikimhesabia mafuta ya tumbo langu, na sikuwahi kuuliza anaamka saa ngapi.

Nilirudi sebuleni na chupa mkononi. Nilimuuliza kwa nini, na sauti yangu ilitoka kwa ukali nisioukusudia.

"Si ninakujua?" alisema. "Ningekunywa mu hii nyumba, harufu ingekufikia, ungekuja kuonja. Nilikulea vile."

Nilipiga magoti sakafuni mbele yake. Nilimwambia sasa yamekwisha, anywe, nimebaki na kazi yangu, anywe leo. Nilileta kijiko. Nilifyonza matone matatu na kuyaweka, na kijiko kikafika mbele ya kinywa chake, na hakukifungua. Alikuwa akiangalia kinywa changu, kwa mazoea tu, kama alivyokiangalia jioni zote zile. Mfuko wa kete ungekuwa langoni asubuhi, na kila asubuhi baada ya hiyo. Sikuonja.

Alichukua kijiko taratibu, akayarudisha matone chupani mpaka la mwisho likashuka, akafunga kifuniko kwa vidole vile. Ilimchukua muda, nami sikumsaidia.

"Kesho uko na kazi," alisema.

Halafu akaniomba nimshike nimpeleke kitandani akanyooshe miguu. Nilimshika. Saa kumi na moja asubuhi basi la kiwanda lilipiga honi, nikapita mbele ya mlango wake, nikamsikia yuko macho, na nikatoka.